Namba Kumi na Saba ya Mzee Dominiko

"Viatu ishirini na nane, Zainabu! Nimevihesabu mwenyewe, kimoja kimoja, na hapo sikutia vyako."

"Umekosa kazi mpaka unahesabu viatu vya watu?"

"Nimekosa pa kupita! Korido hii yangu na yako. Nikitaka kwenda chooni niruke kama mbuzi?"

"Ruka, shoga. Mazoezi mazuri kwa umri wetu."

Hivyo ndivyo tulivyokuwa mimi na Sharifa Ijumaa moja ya mwezi wa kumi, mwaka 2016, kila mmoja kasimama mlangoni pake, mimi na mwiko, yeye na kanga begani. Villa yetu ya Al Thumama, hapa Doha, Qatar, ilijengwa kwa familia moja, lakini mwenyewe aliigawa kwa jasi na mbao, tukaingia familia saba. Mtu akikohoa chumba cha kwanza, chumba cha saba wanamuuliza ameshanywa dawa.

Sharifa ni Mzanzibari, mtu safi, mtu wa mpango. Mumewe, Abdallah, anaendesha lori la maji, na zamu yake inaisha asubuhi. Kwa hiyo Ijumaa mchana ndiyo saa yake ya kulala. Bahati mbaya ndiyo saa yangu ya wageni. Mimi nafanya kazi kwenye dobi la hoteli, siku sita nazungumza na mashuka. Ya saba nisipoona watu nitaumwa. Basi kila Ijumaa napika sufuria la pilau, anakuja anayetoka msikitini, anakuja anayetoka kanisani kule Mesaimeer, tunakula, tunasemana.

"Mume wangu hajafumba jicho tangu jana," Sharifa akasema, sasa sauti ameishusha, "na wageni wako wanacheka kama wamekodiwa."

Hapo ningenyamaza. Lakini nyuma yangu chumba kimejaa, na mimi nikiwa na watazamaji sijijui.

"Mumeo akitaka kimya, si akalale ndani ya tangi lake la maji!"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Sharifa akanitazama kidogo, akaingia kwake, akafunga mlango polepole. Angeubamiza ningejua kesho tutaazimana chumvi. Alivyoufunga vile nikajua nimeharibu. Lakini pilau lilikuwa linaungua, nikarudi kwenye sufuria.

Ijumaa hiyo ndiyo Nasimiyu alitoa ile picha.

Nasimiyu ni Mkenya wa Kitale, analea watoto kwenye nyumba moja hapa hapa Thumama. Mpole, anakula kidogo, anaosha vyombo bila kuambiwa. Siku zote nilijua ana jambo. Mtu wa kuosha vyombo bila kuambiwa ana jambo. Picha yenyewe ilikuwa nyeusi na nyeupe, imekunjika pembeni: kijana mwembamba juu ya pikipiki iliyoruka, magurudumu yote mawili hewani, namba kumi na saba kifuani na kwenye pikipiki.

"Huyo ni baba yangu," akasema. "Dominiko. Alikuwa anashindana, hizi za kuruka matuta ya udongo. Elfu moja mia tisa sabini na tatu."

"Mwongo wewe! Baba yako huyu?"

"Hata ndugu zangu husema hivyo. Wanamcheka. Wanamwambia, mzee, hiyo ni picha ya mtu mwingine."

Akatusimulia. Pikipiki ilikuwa ya Kicheki, CZ, ya mashindano tupu, haina hata taa. Mwaka wa sabini na nane injini ilianza kusumbua, mzee akampa rafiki yake, mhandisi Mwingereza aliyeitwa Terry, aitengeneze. Kabla hajamaliza, Terry akapata kazi Qatar. Vitu vyake vikafungwa vyote ndani ya kontena, na pikipiki ndani. Baadaye ikaja barua moja yenye stempu ya Qatar: ndugu yangu, iko salama, nitairudisha. Haikuja nyingine. Nasimiyu alikua akilisikia jina la Qatar nyumbani kwao kama watu wanavyosikia jina la mjomba aliyepotea.

"Sasa baba ana presha ya macho," akasema. "La kushoto limezima. La kulia daktari anasema likifika mwaka mpya ni bahati. Juzi kwa simu nilimuuliza anataka nimtumie nini. Akasema hataki kitu. Ati angependa tu kuiona ile CZ mara moja, halafu giza lije."

Picha ikazunguka chumba. Watu kumi na nne, kila mmoja akaitazama kwa zamu.

Likizo yake ilikuwa bado mwaka mzima, na hiyo pikipiki hata kama bado ipo, ipo wapi katika nchi hii? Mimi nikamwambia, "Mwanangu, nchi hii ina madereva, walinzi na wafanyakazi wa ndani. Hakuna stoo isiyofunguliwa na mmoja wao. Nipe hiyo picha."

Nikaipiga kwa simu, nikaitupa kwenye magrupu yangu yote, na magrupu yangu si machache: la dobi, la Tanga, la vikoba, la kusifu harusi, na moja ambalo sijui hata nani alinitia. Wiki ile nilijibiwa mambo mengi. Mmoja aliuliza kama inauzwa. Mmoja aliuliza kama yule kijana ameoa.

Ijumaa ya pili akaja Winfred, Mganda, tunafanya naye kazi dobini. Hakusalimia mtu. Aliingia na simu mbele kama mtu aliyebeba kikombe kilichojaa.

"Tazama nyuma ya kitanda," akasema.

Ilikuwa picha ya mwaka 2010. Binamu yake Eugene, siku zile dereva wa nyumba hapa Doha, kaketi kitandani anacheka na sahani ya wali. Nyuma yake ukutani kuna kitu kimening'inizwa mashati mawili, taulo na suruali ya kazi. Ukiangalia vizuri, chini ya taulo kuna tangi la mafuta la mviringo, na chini ya tangi kibati chenye tarakimu moja tu inayosomeka. Saba.

Nasimiyu aliishika ile simu mpaka ikazima mwanga, akaigusa ikawaka, ikazima tena.

Tukampigia Eugene kwa Imo, simu ya video. Alisharudi kwao Busia tangu 2011, ana duka la simu. Akacheka sana. Ndiyo, aliikumbuka. Mzungu mmoja alikuwa amemwachia tajiri yake zamani za kale. Tajiri alipofariki, watoto wake wakamwambia Eugene atoe takataka zote za stoo akazitupe.

"Sasa mimi nitupe chuma kama hicho?" Eugene akasema. "Nilikipandisha kwenye pick-up, nikakipeleka shambani kwao Umm Salal, kwenye chumba cha dereva. Nilitaka siku moja nije nacho nyumbani. Sikuweza. Nikaondoka nikakiacha humo humo."

"Na aliyekuja baada yako hakuiuza?"

Eugene akakohoa. "Kuna neno nilimwambia aliyenirithi chumba. La kijinga tu. Mkifika mtalisikia."

Akatupa njia. Hakuwa na namba ya mtu wala anwani; jina la kafili wake, yule tajiri, lilikuwa Mohammed, na hapo utawapata wangapi? Njia aliijua kama alivyoijua siku zote: ukitoka mjini hesabu raundabauti. Ya Birika unaipita. Ya Mapipa unakata kulia. Ile ndogo isiyo na kitu katikati, shika ya pili, nenda mpaka mnara wa maji, ukuta mrefu wa rangi ya chai, geti la kijani. Nasimiyu aliandika yote kwenye daftari la watoto anaowalea, pembeni ya picha ya twiga.

Tukachukua teksi Ijumaa ile ile. Hakuna raundabauti. Nawaambia, hakuna hata moja! Pale ambapo Birika lingekuwa kuna taa za kuongozea magari. Pale tulipodhania ni Mapipa kuna daraja la juu lenye njia nne, na chini yake mashimo, na Wanepali wanachimba. Dereva wa teksi, Mhindi wa watu kutoka Kerala, alikuwa na mwaka mmoja tu mjini. Alituzungusha mpaka tukaona ngamia. Tukarudi.

Ijumaa iliyofuata tukaenda tena, na ramani ya simu. Ramani inaijua barabara ya leo. Ya Eugene ilishafunikwa lami. Tulizunguka geti kwa geti mpaka miguu ikavimba, kila ukuta una rangi ya chai.

Kwenye teksi ya kurudi Nasimiyu alipigiwa na kaka yake. Akasikiliza, akasema "sawa" mara tatu. Alipokata simu akaangalia dirishani.

"Jana baba amemwagia chai mezani, kando ya kikombe," akasema. "Alidhani kikombe kiko pale."

Nikajua tunatafuta nini. Si ramani. Tunatafuta mtu aliyeendesha gari mji huu kabla haujavunjwa, na bado anaendesha leo. Mtu wa kupeleka kitu mashambani kila siku, miaka na miaka. Mtu wa maji.

Nilijua hapo hapo ni nani: yule niliyemtuma akalale tangini.

Wiki mbili Sharifa hakuwa amenisemesha. Tukikutana jikoni anasalimia sufuria. Nilikwenda mlangoni kwake siku hiyo jioni na sahani ya vitumbua, nimejifunga mtandio vizuri kama nakwenda kuposa. Nikabisha. Akafungua.

"Hodi, dada Sharifa."

"Umeshapiga hodi, sasa sema."

"Nimekuja kuomba radhi. Neno lile la tangi. Nilikosa adabu, kwako na kwa mwenyewe mume."

"Ulikosa mbele za watu," akasema. "Radhi unakuja kuomba korido haina mtu."

Alinipata. Nikasimama na vitumbua vyangu, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikutia chumvi. Wanaonijua hawaamini nikiwasimulia. Nikamweleza tu, moja kwa moja, bila mbwembwe: mzee wa Kitale, jicho moja, chai iliyomwagika kando ya kikombe. Sharifa alisikiliza kashika mlango. Baba yake mwenyewe alikufa kipofu pale Unguja. Nilikuwa sijui. Aliniambia baadaye.

Ndani ikatoka sauti ya usingizi: "Raundabauti ya Birika? Aliyesema Birika nani? Ilivunjwa elfu mbili na kumi na mbili!"

Abdallah akatokea na kikoi, nywele zimesimama. Yuko nchi hii tangu 2001. Akachukua lile daftari lenye twiga, akasoma huku anatikisa kichwa kama mtu anayesoma barua ya rafiki wa zamani.

"Mapipa. Loo! Pale nilipasua tairi mara mbili." Akanitazama. "Sasa bibi, kwanza tuelewane. Nikalale tangini, au nikupelekeni Umm Salal?"

"Utupeleke, shemeji. Naomba."

"Ijumaa asubuhi. Nikitoka kazini sivui viatu."

Nikamwangalia Sharifa. "Nawe twende, dada."

"Mie sendi," akasema, akavichukua vile vitumbua na kufunga mlango. Lakini aliufunga kwa nguvu kidogo, nikashukuru Mungu.

Ijumaa, mimi, Nasimiyu na Abdallah tukaingia kwenye Land Cruiser kuukuu ya rafiki yake. Abdallah alikuwa macho mekundu, lakini njia nzima anaendesha miji miwili kwa pamoja. "Hapa kwenye taa ndipo Birika. Tumelipita. Daraja hili tusilipande, tupite chini; Mapipa yako chini yetu hapa, yamezikwa. Kulia." Aliingia barabara ambayo sisi tuliiona mara mbili tukadhani ni ya mafundi wa ujenzi. Mnara wa maji ukatokea. Ukuta wa rangi ya chai. Geti lilikuwa limepakwa rangi nyeupe. Ndiyo maana tulilipita. Pale rangi ilipobanduka, chini yake ni kijani.

Alitoka kijana mrefu, dereva wa pale, anapangusa mikono. Nasimiyu akasalimia kwa Kiswahili, akajibiwa kwa Kiswahili. Jina lake Japheth, kwao Kericho.

"Samahani kaka," Nasimiyu akasema, "tunatafuta pikipiki ya zamani. Iliachwa hapa na mtu anaitwa Eugene. Ni ya baba yangu."

Japheth akaacha kupangusa mikono.

"Kumbe mpo kweli," akasema. "Madam, mmechelewa sana. Tumewangoja tangu elfu mbili na kumi na moja."

Tukatazamana.

"Mimi nimepokea hiki chumba kwa Mghana," akaeleza. "Mghana alipokea kwa huyo Eugene. Mtu akienda kwao anaachia mwenzake vitu, si mnajua? Mimi nimeachiwa vinne. Kitanda, friji, godoro, na pikipiki. Na neno moja: hii usiuze, usitupe, mwenyewe anakuja kuichukua kutoka Kenya. Mghana alikuwa ameambiwa hivyo hivyo. Wauza vyuma wamekuja hapa mara ngapi? Nawaambia, iko na mwenyewe, yuko njiani."

"Miaka mitano?" Abdallah akauliza.

"Nilifikiri amekwama kwa jam ya Nairobi."

Lile ndilo neno la kijinga la Eugene. Aliwaongopea ili wasiiuze, maana mwenyewe alitaka siku moja kuirudia. Uongo wake ukatunzwa na watu wawili wasiomjua Dominiko, mmoja hata Kiswahili hajui, mpaka siku binti yake aliposimama getini.

Chumbani ilikuwa imeegemea ukuta, imetundikwa mashati na taulo lenye picha ya simba. Japheth aliondoa nguo moja moja, kwa heshima, kama mtu anayemvua mgonjwa koti. Chini yake ikabaki yenyewe, tangi jekundu limepauka likawa rangi ya pinki, tairi zimekufa, kiti kimepasuka. Nasimiyu hakuigusa. Alipiga simu kwanza.

Mzee Dominiko alitokea kwenye Imo karibu mno, tunaona jicho na nyusi tu.

"Baba, nimeiona. Iko mbele yangu."

"Nani amekuambia ni hiyo?" Mzee mkali! "CZ zilikuwa nyingi. Shika kikanyagio cha kulia."

Nasimiyu akapiga magoti. Wakati huo akaigusa. "Nimeshika."

"Ni sawa na cha kushoto?"

"Hapana. Kimeinuliwa. Kama vidole vitatu. Kuna chuma kimeongezwa chini."

Mzee akasogeza jicho kwenye kioo. Halafu: "Hicho ni chuma cha plau, jembe la ng'ombe. Nilivunjika mguu Nakuru, ukapona mfupi. Nikakata jembe la plau la mama yako, akaninunia mwezi mzima. Songeza simu. Hapo. Hapo. Usitikise, mama." Tukaliona lile jicho linakwenda polepole, kutoka gurudumu la mbele mpaka la nyuma, likarudi. "Naiona," akasema. "Rangi siioni vizuri. Lakini naiona."

Japheth akasogeza kichwa. "Mzee, shikamoo. Lakini kiki yake ya kuwashia ilipotea. Tumeitafuta upande wote wa kulia, wote sisi watatu. Hatujawahi kujua kama injini iko hai."

"Haijapotea!" Mzee akacheka, na meno mawili tukayaona. "Iko kushoto. Ile ile gia ya mguu ndiyo kiki. Isukume ndani kuelekea injini, halafu igeuze ije juu. Nasimiyu, ifanye wewe. Usimpe mtu."

Akasukuma. Ilikuwa ngumu. Japheth akatia mafuta kidogo ya kupikia, ndiyo yaliyokuwepo. Nasimiyu akasukuma tena, klak, ikaingia, ikageuka, ikasimama kama kiki ya pikipiki yoyote. Japheth akashika kichwa. Miaka mitano wametundika taulo juu yake.

"Sasa kanyaga. Polepole. Usitafute moto, sikiliza tu."

Nasimiyu akavua kiatu, akakanyaga. Mguu ulishuka nusu, kitu ndani kikaukataa, kikausukuma urudi, na bomba likatoa pumzi ndefu yenye vumbi. Fffuuh.

"Tena," mzee akasema.

Fffuuh.

"Inabana," akasema. Sauti ilikuwa imebadilika. "Haijafa. Mmesikia? Macho yakiisha nitaisikia. Mtu asiiuze hiyo."

"Haiuzwi, mzee," Japheth akasema. "Iko na mwenyewe."

Mtoto wa marehemu tajiri alipigiwa simu pale pale. Abdallah aliongea naye Kiarabu chake cha miaka kumi na tano. Jamaa alicheka mpaka tukamsikia: mimi nilisema itupwe, bado ipo? Khalas, basi, ni yao, na akaomba tumtumie ile picha ya kijana aliyeruka. Jumatatu akaandika karatasi ya kuitoa getini. Abdallah akasema atajua namna ya kuifungua vipande iingie kwenye kreti ya mizigo, na Nasimiyu atasafiri nayo mwaka kesho, au itamtangulia. Hilo bado tunalibishania.

Ijumaa iliyofuata chumba changu kilifurika. Japheth alikuja, Winfred alikuja, Nasimiyu alikuja na kuku wawili. Abdallah alikataa kulala. Alikaa katikati kama bwana harusi akisimulia Mapipa. Simu ilisimamishwa kwenye mkebe wa maziwa, Eugene kutoka Busia akizomewa na kila mtu kwa uongo wake mtamu.

Nikasikia mlango wa pili unafunguliwa. Nikatoka na mwiko. Sharifa alikuwa kasimama koridoni, macho chini, midomo inatembea.

"Thelathini na sita," akasema.

Nyuma yangu wote wakachungulia mlangoni. Nikaona nafasi yangu, korido imejaa vichwa vya watu. "Dada Sharifa," nikasema kwa sauti ya kufika chumba cha saba, "mimi Zainabu nilikukosea mbele za watu hawa hawa, wewe na mumeo. Mbele yao naomba radhi."

Akanitazama. Akatazama viatu. Akatazama ndani, mumewe anampungia mkono wenye paja la kuku.

"Pilau lako linaungua," akasema.

"Basi vua vyako vifike thelathini na nane, uingie ulile bado lina moto."